Albrecht von Graefe: Alichungulia Kabla ya Kukata

Asanteni, tuketi. Mwenyekiti amenibana kwa muda, kwa hiyo sitawasomea wasifu mzima wa daktari wa macho Albrecht von Graefe. Alizaliwa Berlin mwaka 1828. Baba yake, aliyekuwa mpasuaji mwenye jina, alifariki Albrecht akiwa na miaka 12. Basi. Leo nataka tukae kwenye kosa lake moja.

Zamani zile, mtu akipofuka ilhali jicho kwa nje ni zima, daktari alitazama mboni akakuta giza tupu. Wajerumani wakawa na utani wao: huo ni ugonjwa ambao mgonjwa haoni kitu, na daktari naye haoni kitu. Mwaka 1851 mwanasayansi Hermann von Helmholtz akatangaza kioo chake cha kumulika na kuchungulia ndani ya jicho. Graefe, aliyekuwa akizunguka Prague, Paris, Vienna na London kujifunza, akakidaka. Akafungua kliniki Berlin, maskini wakitibiwa bure, na mwaka 1854 akaanzisha jarida la tiba ya macho ambalo lipo hadi leo.

Sasa kosa. Alipochungulia macho yenye glakoma, hii ambayo wagonjwa wetu huiita presha ya macho, pale neva ya jicho inapoanzia aliona pameinuka kama kichuguu. Akaandika hivyo. Kumbe pamebonyea! Kile kioo unatazamia jicho moja, na jicho moja halipimi kina. Mkifika nyumbani fumbeni jicho moja mjaribu kutunga uzi kwenye sindano, mtamsamehe. Hakung'ang'ania, alijisahihisha. Na lile shimo likaanza kuleta maana: ndani ya jicho mmejaa presha, na neva inasukumwa nyuma.

Mwaka 1857 akaja na tiba: kukata kipande cha iris, ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni. Glakoma ya ghafla, ile ya maumivu makali, jicho jekundu na kutapika, hadi hapo ilikuwa haina dawa. Sasa macho yakawa yanaokolewa. Kwa nini ilifanya kazi, maelezo kamili yalikuja baadaye: maji ya jicho yamekwama nyuma ya iris, nayo imesukumwa mbele ikaziba njia ya kutokea. Ukitoboa, maji yanapita. Ninyi madaktari wa macho leo mnatoboa kwa leza, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa glakoma inayonyemelea polepole haikusaidia sana, na hiyo bado inatutesa.

Kwa mtoto wa jicho alibuni kisu chembamba na mkato ulionyooka, ili kidonda kisiachame na kuoza. Na kumbukeni, matone ya kokeini ya kutia ganzi jicho yalikuja mwaka 1884. Mimi hapo huwa nasisimkwa mwili.

Yeye hakuyaona matone hayo. Kifua kikuu kilimuua Julai 1870, akiwa na miaka 42, na ukurugenzi wa idara ya macho pale hospitali ya Charité, Berlin, alikuwa ameupata mwaka 1868 tu.

Sanamu yake ilisimamishwa kando ya hospitali hiyo mwaka 1882. Atakayebahatika kufika Berlin atazame mkono. Ameshika kile kioo.