Mbawakawa Anayeinama Kunywa Ukungu

Ndugu zangu, kabla sijawapeleka Namibia, tuanzie kwenye debe la unga. Yule mdudu mdogo mwekundu-kahawia mnayemkuta kwenye unga uliokaa siku nyingi si fukusi. Ni Tribolium, mbawakawa wa familia ya Tenebrionidae, na ana ndugu yake kwenye matuta ya mchanga ya jangwa la Namib: Onymacris unguicularis.

Undugu wao tunaujuaje? Shikeni kioo cha kukuzia, mtazame nyayo. Miguu ya mbele na ya kati huishia kwa pingili tano. Ya nyuma, nne. Hesabuni tena, tano, tano, nne. Kisha njooni kichwani: mashina ya vipapasio yamejificha chini ya ukingo wa uso. Wa unga anazo dalili hizo, wa mchangani pia. Baada ya hapo wanaachana. Onymacris ana miguu mirefu, na mabawa yake magumu ya juu yameshikana. Haruki maisha yake yote.

Kwa kawaida hutembea mchana. Lakini ukungu wa Atlantiki ukiingia, hupanda hadi kileleni mwa tuta katika baridi, akauelekea upepo, akainamisha kichwa na kuinua mgongo. Matone hukusanyika mgongoni, yakateremka hadi kinywani. Watafiti Hamilton na Seely waliliandika jambo hili mwaka 1976: wako waliokunywa hadi uzito ukapanda kwa asilimia 34!

Sasa sikilizeni, hapa ndipo uainishaji unaponigusa. Mwaka 2001 makala ya Parker na Lawrence ilieleza mbawakawa wa Namib mwenye vinundu mgongoni vinavyonasa maji, wakamwita Stenocara. Wahandisi wakaanza kuviiga vinundu hivyo. Mwaka 2010 Nørgaard na Dacke wakapima spishi nne kwenye ukungu wa maabara. Migongo yote ilinasa maji, lakini aliyeinama kuyanywa alikuwa mmoja tu, Onymacris unguicularis, na yeye hana vinundu. Hata yule wa 2001, wakaona, huenda hakuwa Stenocara bali mbawakawa mwingine, Physasterna cribripes.

Kwa hiyo mkikutana na picha ya mbawakawa wa ukungu, tazameni mgongo kwanza. Ukiwa na vinundu, mnayemtazama siye anayepanda tuta alfajiri.