Andika Hoja ya Mwenzako Kwanza

Ndugu zangu, naanza na karatasi. Nimelisema hili mara nyingi na bado watu wanaingia kwenye mabishano mikono mitupu. Katika mdahalo wa mtindo wa Bunge la Uingereza, yaani mashindano ya hoja mbele ya majaji, timu hupewa mada dakika 15 tu kabla ya kuanza, na upande haichagui, hupangiwa. Mpinzani akisimama, anayeijua kazi haandai jibu kichwani. Anaandika: kushoto dai na sababu yake, kulia jibu. Kulia kukibaki kutupu, hoja imepita bila kujibiwa, na majaji wameona.

Sasa chukueni kaka na dada wanaobishana mama yao mgonjwa akae kwa nani. Kaka anasema, "Dada, kwako kuna ngazi." Dada anajibu, "Na wewe kaka, mara ya mwisho kuja kumwona ni lini?" Saa nzima inayoyoma. Dada angeandika "ngazi" kushoto, angeona kulia hana kitu. Lawama yake huenda ni ya kweli kabisa, lakini ngazi haijaigusa. Ni ngapi? Zina pa kushika? Chumba cha chini kipo? Hapo ndipo pa kuamua. Yale machungu ya miaka yatafutiwe siku yake.

Kabla ya kujibu, lirudie dai la mwenzako mpaka mwenyewe akubali kuwa ndilo: "Unahofia mama ataanguka akipanda peke yake, sivyo?" Akisema sivyo, usijibu bado. Wala usiokote dai lake dhaifu ukaliacha lile zito. Utakapomaliza, lile zito litakuwa bado limesimama.

Mtaniambia midahalo huzaa wabishi. Huwazaa, ukibeba ushindi ukaacha maandalizi! Ukumbini wa kushawishiwa ni majaji, mpinzani akinuna si kitu. Nyumbani jaji hayupo. Wa kushawishika ni huyohuyo unayemfokea. Kwa hiyo kasi ya maneno na maswali ya mtego viacheni ukumbini.

Muda unanibana. Katika mdahalo ule, hotuba ya dakika 7 ina dakika ya kwanza na ya mwisho zisizoruhusu mpinzani kuikatiza. Nyumbani wekeni dakika 2 kwa kila mmoja, bila kukatizana hata mara moja.

Kisha badilishaneni pande: kaka atetee mama akae kwa dada, dada atetee akae kwa kaka. Asiyepata hata sababu 2 za upande wa mwenzake alikuwa hasikilizi. Arudi kwenye karatasi.