Kiti cha Hasimu: Mwalimu, Mpaka wa 1977 na Ugomvi wa Kongo na Rwanda

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Vijana, asanteni kwa kujaa ukumbi.

Nimeombwa nizungumzie Kongo na Rwanda. Nitaanzia kwetu, maana ugomvi wa majirani tumeuonja.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, rais wa Uganda. Mwalimu Nyerere akampokea Obote hapa Dar es Salaam, akakataa katakata kukaa na Amin. Kwa dhamiri alikuwa sahihi, na damu iliyomwagika Uganda ni ushahidi. Ila Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ya Kenya, Uganda na Tanzania iliwategemea marais watatu wakae pamoja ndipo mambo mazito yaamuliwe. Hawakukaa tena. Migogoro ya reli, bandari na ndege ikakosa wa kuimaliza. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha lake, na Februari hiyo sisi tukafunga mpaka wetu na Kenya.

Magari ya watalii kutoka Kenya yakashikwa upande wetu. Kule Sirari mpakani, Wakuria wana ndugu pande zote mbili. Harusi na misiba haingoji marais wapatane, watu wakapita njia za panya. Magendo yakashamiri, na anayekamatwa na gunia lake ni mnyonge, si aliyetoa amri.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Mwalimu, Moi wa Kenya na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani Uganda, walipokutana Arusha. Mei 1984 wakatia saini mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya iliyovunjika. Aliyewasogeza hadi hapo ni Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, kwa miaka ya kwenda na kurudi na mahesabu mkononi.

Sasa mtazameni Mwalimu akiwa mstaafu. Mwaka 1996 alipewa usuluhishi wa Burundi. Julai mwaka huohuo Buyoya akatwaa madaraka huko kwa mapinduzi, na Mwalimu aliunga mkono vikwazo dhidi yake. Hata hivyo serikali hiyohiyo ilipata kiti kwenye mazungumzo ya amani Arusha mwaka 1998. Kumpa mtu kiti si kumsafisha. Naamini Mwalimu wa 1971 asingelikubali hilo. Wa 1998 alilisimamia mpaka mauti yalipomkuta Oktoba 1999, Mandela akapokea, na mkataba ukasainiwa Agosti 2000.

Tarehe 8 Februari 2025 viongozi wa EAC, jumuiya iliyofufuliwa baadaye, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana jijini humu, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukiwa tayari mikononi mwa M23, waasi ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda. Kagame wa Rwanda alikuja; Tshisekedi wa Kongo alishiriki kwa video. Baadaye wakateuliwa marais wastaafu, akina Uhuru Kenyatta wa Kenya na Obasanjo wa Nigeria, kuongoza usuluhishi. Nilifurahi. Lakini wasuluhishi wakaongezwa, kisha meza nyingine zikafunguliwa Doha na Washington, na mgomvi mwenye meza nyingi huhamia ile isiyombana.

Ombi langu kwa serikali yetu: ishike kamba wastaafu hao wawakutanishe majirani hawa wawili kwa ratiba isiyovunjwa, hata pasipo cha kusaini. Tuna haki ya kudai. Shehena za Kongo na za Rwanda zinapakuliwa bandarini hapahapa, na malori yake yanaelekea Tunduma na Rusumo usiku huu tunapozungumza.