Trump Mnamjua, Diwani Wenu Je?

Assalaam alaykum wanangu, na habari zenu nyote wa Tanga mnaonitazama, kuanzia Chumbageni mpaka Mikanjuni, Pongwe mpaka Chongoleani. Huku Columbus, Ohio, ni asubuhi, baridi haina adabu, nipo ndani ya gari nimewasha hita. Mkisikia mvumo ndio huo, vumilieni.

Leo siasa. Za huku na za huko. Nimeamua hivyo kwa sababu ujumbe ninaoletewa sasa hivi una swali moja tu: Trump kasemaje, Trump atatufanyaje. Kuna mzee wangu mmoja pale barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, kanitumia sauti ya dakika saba, zote Trump. Baraza lao la kahawa linawajua mawaziri wa Marekani kwa majina kuliko mimi ninayekaa huku.

Basi nianze na hayo yanayowagusa, niyamalize haraka, halafu mnipe nafasi niseme langu.

La viza. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi. Viza za matembezi, za biashara na za wanafunzi zimesimamishwa. Aliyekuwa na viza halali mkononi hakunyang'anywa. Na hata kabla ya hapo, tangu Oktoba 2025, Mtanzania aliyeomba viza ya matembezi aliweza kudaiwa dhamana ya hadi dola 15,000. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa na kijana mmoja hapo mjini kwamba ana njia ya kukuleta Marekani kwa milioni tatu, muulize kwanza njia ya kuzirudisha hizo milioni tatu.

La hela. Ni kweli kuna ushuru wa asilimia moja kwa fedha zinazotumwa nje, umeanza Januari 2026. Lakini unampata anayekwenda dukani kulipa taslimu. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kadi yake haumgusi. Na huyo anayelipa taslimu, kwenye dola 200 zinaondoka dola 2. Sasa yule mjomba aliyewaambia hatumi tena kwa sababu ya Trump, jamani, mimi simo. Mtajuana wenyewe.

Nimemaliza hayo. Sasa langu.

Mwaka 2025, tarehe 1 Oktoba, serikali kuu ya Marekani ilifungwa. Kongresi, bunge la huku, ilishindwa kupitisha bajeti, wakavutana siku 43, ilikuwa haijawahi kutokea ndefu hivyo. Waongoza ndege walikuwa kazini bila mshahara. Msaada wa chakula unaotegemewa na watu kama milioni 42 ukakwama Novemba ilipoingia. Hapa kwetu nilipita penye ghala moja la chakula cha bure, foleni ya magari imezunguka jengo zima, na ndani ya hayo magari kuna watu wamevaa sare za kazi. Hiyo ndiyo Marekani msiyoonyeshwa.

Lakini wiki hizohizo gari la taka lilipita mtaani kwangu siku yake. Watoto walikwenda shule. Mabasi yalitembea, maktaba ilikuwa wazi, polisi walikuwepo. Washington imefunga duka, mtaa unaendelea, kwa sababu hayo mambo hayasubiri Washington. Jiji lina fedha zake, kaunti ina zake, shule zina bodi yake na kodi yake, jimbo lina bajeti yake. Na kila ngazi ina mtu aliyepigiwa kura na wanaokaa hapo. Mkuu wa polisi wa kaunti anachaguliwa. Jaji anachaguliwa. Huku Ohio hata yule daktari wa kaunti anayepima maiti za vifo vyenye utata, katika kaunti nyingi anagombea, anabandika mabango. Mara ya kwanza kuliona bango lake nilicheka mpaka nikakosa njia.

Niwaonyeshe kitu. Hii karatasi hapa, subirini kamera ishike... hii ni bili ya kodi ya nyumba, inakuja mara mbili kwa mwaka. Angalieni haya mafungu: shule hiki, maktaba hiki, huduma za watoto hiki, mpaka bustani ya wanyama ina fungu lake. Na mengi ya mafungu haya watu waliulizwa kwenye karatasi ya kura: mnakubali au hamkubali? Novemba 2023 shule za jiji hili ziliomba nyongeza, watu wakapiga kura, wakakubali. Novemba 2024 kampuni ya mabasi ya umma ikaomba nusu asilimia kwenye kodi ya mauzo, wakakubali tena. Mimi kura sina, ni mkaazi tu, ninachofanya ni kulipa. Lakini najua nililipia nini, na najua nani wa kumkasirikia.

Sasa njoo Tanga. Mama yangu mdogo ananunua umeme wa LUKU shilingi 5,000. Mwezi ukianza, kabla hajapata yuniti hata moja, imeshaondoka 1,500 ya kodi ya jengo. Ilianza 1,000 mwaka 2021, ikapandishwa 2023. Na yeye ni mpangaji! Jengo si lake. Sheria inasema atarejeshewa na mwenye nyumba, lakini nionyesheni mpangaji wa Makorora aliyekwenda kumdai mwenye nyumba 1,500 akabaki na chumba. Muulizeni hiyo hela imekwenda kwenye nini: taa ya mtaa, mtaro, dampo? Hajui. Na diwani wake naye hajui. Hiyo kodi zamani ilikuwa inakusanywa na halmashauri, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa miji yetu. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, halafu ikapachikwa kwenye umeme.

Na si hiyo peke yake. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko TARURA, wakala wa serikali kuu. Maji ya vijijini, tangu 2019, yako RUWASA, wakala mwingine wa serikali kuu. Inawezekana kila moja lilikuwa na sababu nzuri, wahandisi wazuri, manunuzi mazuri, sibishi. Lakini mkishayajumlisha, diwani kabaki na nini? Mkimfuata na shimo la barabarani anawaambia hilo si langu. Na kweli si lake. Nchi hii ilishawahi kuzifuta kabisa serikali za mitaa, mwaka 1972, ikatumia jina zuri la Madaraka Mikoani, na miaka kumi baadaye ikabidi sheria itungwe upya kuzirudisha, kwa sababu miji ilikuwa imeoza. Sasa hatufuti tena. Tunachomoa kimoja kimoja.

Halafu nani anabaki na sauti mkoani? Mkuu wa mkoa. Kateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya, kateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa Jiji anayeshika kalamu ya fedha, kateuliwa na Rais. Kati ya 2021 na 2024 Tanga imepokea Adam Malima, Omary Mgumba, Waziri Kindamba, kisha Balozi Batilda Burian. Wanne, ndani ya miaka mitatu hivi. Simsemi hata mmoja wao kwa ubaya, huenda wote ni wachapakazi. Nasema tu: wanakuja kwa mkeka wa uteuzi na wanaondoka kwa mkeka wa uteuzi. Ule msemo wa waja leo waondoka leo tulikuwa tunautania kwa wageni wa mji, siku hizi unawafaa wakubwa. Huku Ohio gavana Mike DeWine kaingia Januari 2019, yupo mpaka leo, na muhula wake wa pili ukiisha haruhusiwi kuunganisha wa tatu. Novemba 2026 ndio uchaguzi wa kumpata mwingine. Wanaoutaka ugavana wanazunguka kuomba kura, akiwemo Vivek Ramaswamy, mtoto wa wahamiaji kutoka India, na Amy Acton, daktari aliyekuwa mkurugenzi wa afya wa jimbo wakati korona inaanza. Sina mgombea. Ninachopenda ni kuona wanavyohangaika.

Msidhani nawauzia pepo. Huku wanachora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ili chama kishinde kabla ya kura kupigwa. Mahakama ya juu ya Ohio mwaka 2022 ilizikataa ramani zao mara kadhaa na uchaguzi ukafanyika hivyohivyo. Pesa inayomwagwa kwenye kampeni ni ya kutisha. Na jaji anayeomba kura kwa tiketi ya chama, mimi roho yangu haijatulia naye mpaka leo.

Najua tayari kuna mtu anaandika kwenye komenti: wewe, Tanzania si shirikisho, ukianza magavana utaleta ukabila. Hii hoja tunaijua tangu Mwalimu, na sera ya majimbo ya CHADEMA, ya kila jimbo kujiendesha, imepigwa kwa rungu hilohilo miaka nenda rudi. Sawa. Basi tuiache Ohio, ni mbali. Twende Horohoro. Vuka mpaka pale, upande wa pili Lunga Lunga, umeingia kaunti ya Kwale. Wadigo walewale, nazi zilezile, bahari ileile. Wao tangu 2013 wana gavana wa kumchagua. Wamemaliza mihula miwili ya Salim Mvurya, na 2022 wakamchagua Fatuma Achani, mwanamke. Rais wa Kenya hawezi kuamka asubuhi akamhamishia Turkana. Wizi Kenya upo, magavana wamefikishwa mahakamani, hilo silifichi. Lakini wamefikishwa, na kura zikipigwa wanatoka. Sijasikia Kwale imejitenga.

Na Watanga wasiambiwe hatuwezi kujiendesha. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5, na ikauzwa yote ikazidi. Watu walitoa fedha zao wakaukopesha mji huu, wakiutazama mji wenyewe na mabomba yake. Mimi niliposoma habari ile nilijidai kazini kama kwamba chanzo cha maji cha Mabayani ni cha babu yangu. Mji unaoaminiwa kwa bilioni 53 hauaminiwi kuchagua mkurugenzi wake?

Hata tulipochagua, mnakumbuka 2015. Mbunge wa Tanga Mjini akatoka CUF, chama cha upinzani, Mussa Mbarouk, na madiwani wa CUF wakawa wengi kuliko wa CCM. Kura ya meya ikapigwa, umeya ukatangazwa umekwenda CCM. Hesabu ile sijaielewa mpaka leo, na nilisoma Mkwawa. Miezi ikapita baraza halikaliki, na mji ukasubiri. Mimi naona siku ile ndiyo watu wengi wa mtaani kwetu walipoacha kuuliza habari za baraza la madiwani. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, uliosimamiwa na TAMISEMI, ambayo ipo chini ya Ofisi ya Rais. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 98. Chama kinachopendwa kiasi hicho kingeogopa nini kumwachia mtu mwingine asimamie?

Ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nimeyasema kwenye video nyingine na sitayarudia yote. Siku zile mtandao umezimwa nilikuwa napiga simu nyumbani haiiti, na nilichokuwa nakipata ni picha za maiti zinazozunguka. Rais kaunda tume, kampa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman aiongoze. Ninachoongeza leo ni hiki: vijana waliotoka barabarani, hasira yao yote ilielekea sehemu moja, kwa sababu mamlaka yote iko sehemu moja. Hakuna ngazi ya kati ya kupokea malalamiko, ikajadili, ikaadhibiwa kwa kura, nchi ikalala salama. Shimo la barabara, bei ya umeme, kijana aliyepotea, vyote anwani yake ni Dodoma.

Mlango wa kurekebisha hayo ni katiba. Bunge Maalum lilipitisha ile inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Ohio mwaka 2023 pekee iliwaita wananchi mara mbili kuamua juu ya katiba ya jimbo lao. Agosti wanasiasa walitaka kufanya iwe vigumu zaidi kuibadilisha, watu wakawakatalia. Novemba wananchi wenyewe wakaleta badiliko lao, likapita. Miezi mitatu tu katikati.

Mimi huku sipigi kura, na huko sheria haijaniruhusu kupiga nikiwa nje. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkenya, yeye alimpigia rais wake kura 2022 akiwa hukuhuku Marekani. Hilo tutalifanyia video yake, na ile ya hadhi maalum kwa diaspora, maana maswali ni mengi na majibu ninayosikia huko mitandaoni mengi si ya kweli.

Kwa sasa nawapa kazi ndogo. Hapo chini kwenye komenti, andika kata yako, jina la diwani wako, na jambo moja alilowahi kulikataa kwenye baraza. Bila kuuliza mtu, bila kuingia mtandaoni kutafuta. Mzee wangu wa barabara ya kumi na mbili, na wewe pia, nitumie sauti, nakupa dakika saba zako. Mimi naingia kazini, nimeshachelewa.