Kipindi cha 41: Anajitahidi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo kaka Bakari kaingia studio kanuna.

BAKARI: Sijanuna, dada. Nimechoka tu.

ZUHURA: Haya, waambie wenyewe.

BAKARI: Jumanne mwalimu wangu msaidizi aliumwa, hakuja. Nikasema si neno, darasa langu la mahitaji maalumu nalijua. Sasa kuna kijana mmoja, miaka kumi. Kwenye mpango wake binafsi wa kujifunza nimeandika kwa mkono wangu: "Anaandika sentensi tatu peke yake kuhusu picha aliyopewa." Nikampa picha, mbwa kalala juu ya kiti. Penseli anayo, macho yako kwenye picha. Dakika tano zikapita. Namwambia, "Haya, anza." Ananitazama tu. Dakika ya kumi na moja karatasi bado nyeupe.

ZUHURA: Labda hakuwa sawa siku hiyo.

BAKARI: Mzima kabisa, ametoka kucheza. Jumatano msaidizi karudi, nikajikalisha nyuma niangalie. Anampa picha, halafu, na wala hajijui kama anafanya hivyo, anamgusa begani. Vidole viwili, hivi. Kijana anaandika. Sentensi ikiisha, anasimama. Begani tena. Anaandika ya pili. Begani tena.

ZUHURA: Miguso mitatu, sentensi tatu.

BAKARI: Na mimi nimeandika "peke yake".

ZUHURA: Pole. Lakini afadhali wewe uliandika kitu ambacho Jumanne imeweza kukukamata nacho. Faili la binti yangu hulikamati popote.

BAKARI: Tumeanza. Wasikilizaji, mnajua tunakoelekea.

ZUHURA: Nimelibeba hapa. Jana usiku nimehesabu. Ripoti nne, "anajitahidi" mara kumi na tisa. Kusoma: anajitahidi. Hesabu: anajitahidi. Kushirikiana na wenzake: anajitahidi. Kuvaa na kujisafisha, sikia hii: anajitahidi sana.

BAKARI: Sana! Hapo amepanda daraja.

ZUHURA: Niambie wewe mwalimu, kutoka "anajitahidi" hadi "anajitahidi sana" ni mwendo wa siku ngapi?

BAKARI: Inategemea na foleni. Ila dada, na mimi nimeshaliandika sana tu. Ni saa nne usiku, una mafaili kumi na manne, na unajua mama mtu atasoma. Humvunji moyo. Ni neno la adabu, kama unavyoulizwa habari za mgonjwa aliyezidiwa ukajibu "hajambo kidogo".

ZUHURA: Adabu yako mimi niifanyie nini? Ungeniandikia, "Anafunga vifungo viwili vya juu, akifika cha tatu anaita mtu," Jumamosi ningekaa naye tukapambana na hicho cha tatu. Hilo ni neno moja la mwalimu aliyeangalia. Lakini "anajitahidi" unaweza kuliandika bila kumwona mtoto.

BAKARI: Unaweza kuliandika hata kwa fundi wetu wa sauti.

ZUHURA: Anajitahidi!

BAKARI: Anajitahidi sana. Amenionyesha ngumi, wasikilizaji. Haya, tulikuwa na mambo matano leo, mimi nimeyaandika kwenye karatasi. La kwanza...

ZUHURA: Subiri, hili la sheria nalitaka. Marekani wana sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu tangu 1975. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2004, maelezo ya kiwango cha sasa kwenye mpango wa mtoto, yaani anaweza nini leo, yakatakiwa kugusa masomo na pia shughuli za kila siku. Na yaseme ulemavu unamzuiaje mtoto kwenye mtaala uleule wanaosoma wenzake. Hapo "anajitahidi" halina pa kukaa.

BAKARI: Litapata tu, neno hilo lina ujasiri. Si ndio kulekule familia ya mtoto mwenye usonji ilifika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, malengo yake yakiwa yanarudiwa mwaka hadi mwaka?

ZUHURA: Ndiyo. 2017, na majaji wote wanane walikubaliana: mpango uwe wa kumwezesha mtoto kupiga hatua inayoendana na hali yake. Sasa hatua utaipimaje kama hukuandika alipokuwa amesimama? Ndiyo maana nasema kijana wako kiwango chake ni kwamba haanzi bila kuguswa.

BAKARI: Hapana, hapo sikubali. Sentensi ni zake. Hakuna aliyemtajia neno hata moja. Mimi nikivua miwani hii sisomi ubao. Utaandika Bakari hajui kusoma?

ZUHURA: Miwani unajivalisha mwenyewe. Na miwani haiumwi Jumanne ikakuacha.

BAKARI: Ukiandika "haanzi bila kuguswa", atakayempokea mwakani ataishia kwenye "haanzi". Atampa picha za kupaka rangi. Nimeyaona hayo, dada.

ZUHURA: Na ukiandika "peke yake", mwakani wanamwondolea msaidizi, maana karatasi inasema hamhitaji. Hayo nimeyaona mimi, nyumbani kwangu.

BAKARI: Basi tuandike yote mawili.

ZUHURA: Sawa. Lengo linaanzia wapi?

BAKARI: Sentensi tano.

ZUHURA: Unaona? Mimi lengo langu ni aanze mwenyewe ndani ya dakika moja, hata kwa sentensi moja.

BAKARI: Mtoto mwenye sentensi tatu unamrudisha kwenye moja?

ZUHURA: Simrudishi. Tatu hizo hajawahi kuwa nazo peke yake.

BAKARI: Anazo! Ziko kwenye daftari, nitakuonyesha.

ZUHURA: Na bega nalo liko kwenye daftari?

BAKARI: ...Fundi anaonyesha vidole viwili.

ZUHURA: Begani?

BAKARI: Dakika mbili! Na mambo matano yangu?

ZUHURA: Umefika la ngapi?

BAKARI: Nilisema "la kwanza" ukanikatiza. Karatasi naikunja. Wasikilizaji, mtatusamehe.

ZUHURA: Tumejitahidi.

BAKARI: Lakini Jumatatu lazima nirekebishe lile faili, na nataka niliandike vizuri.

ZUHURA: Anza na miguso.

BAKARI: Nitaanza na sentensi.

ZUHURA: Kaka Bakari, ukianza na sentensi hakuna atakayesoma hadi...