Cicely Tyson na kazi alizozikataa

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi wanafunzi wa sanaa za maonyesho, hamjambo?

Akitajwa Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani, wengi huanza kuhesabu tuzo zake. Jioni hii nataka tumtazame kupitia kazi alizozikataa, maana naamini huko ndiko anakoonekana vizuri zaidi.

Alizaliwa jijini New York, Desemba 1924, akakulia mtaa wa Harlem. Wazazi wake walihamia huko kutoka kisiwa cha Nevis, Karibi. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, na kwake kumbi za maonyesho na sinema zilikuwa nyumba za dhambi. Binti alipoacha kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya Msalaba Mwekundu, akaingia kwenye uanamitindo kisha uigizaji, mama alimtaka ahame nyumbani. Wakakaa muda mrefu hawasemezani.

Mwaka 1961 aliingia katika tamthilia ya mwandishi Mfaransa Jean Genet, The Blacks, kwenye ukumbi mdogo wa New York, pamoja na James Earl Jones na Maya Angelou. Ilionyeshwa zaidi ya mara 1,400, na wengi waliopita pale wakawa majina makubwa.

Tuje kwenye televisheni. Wakati ule mwanamke mweusi katika vipindi vya Marekani mara nyingi alikuwa mpishi au mfanyakazi wa ndani: anaingia na sinia, anatoka. Mwaka 1963, katika East Side/West Side, kipindi cha kituo cha televisheni cha CBS, Tyson aliigiza Jane Foster, karani wa ofisi ya ustawi wa jamii. Ana meza yake, ana maoni yake, na wiki ijayo yupo tena. Tena alikuja na nywele zake mwenyewe. Alikuwa ameshakwenda kwa kinyozi wa Harlem akazikata fupi, kipilipili kama alivyozaliwa, bila chanuo la moto, ili aigize mwanamke wa Kiafrika katika mchezo mmoja wa televisheni. Wasusi wakamwandikia barua kulalamika kwamba anawaharibia biashara! Nadhani hakuna sifa ya mhakiki inayozidi malalamiko hayo. Kipindi chenyewe kilidumu msimu mmoja tu.

Mwaka 1972 ilitoka filamu ya Sounder, juu ya familia ya wakulima maskini wa Louisiana. Kwanza alipewa nafasi ya mwalimu. Yeye akamng'ang'ania Rebecca, mama wa familia ile, akampata, na akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Alipokuwa akizunguka kuitangaza filamu, mwandishi mmoja wa habari, mzungu, alimwambia kwamba alishangaa kumsikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa neno lile lile analotumia mwanawe yeye. Tyson aliyarudia maneno hayo maisha yake yote. Kuanzia hapo akaamua: hatacheza mhusika anayewadhalilisha watu wake. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo filamu za weusi zilijaa makahaba, magenge na wauza dawa za kulevya, na waigizaji walilipwa kwa kuzicheza. Kukataa kulimaanisha kukaa bila kazi, na alikaa.

Kisha Januari 1974 CBS ikarusha filamu ya The Autobiography of Miss Jane Pittman. Tyson ndiye Jane: anaanza kijana, anamaliza akiwa bibi wa miaka 110 aliyezaliwa utumwani. Naomba mkitazame kipande cha mwisho kwa macho ya fundi. Bibi anatembea peke yake na fimbo hadi kwenye bomba la maji lililotengwa kwa wazungu mbele ya mahakama. Askari wanamtazama. Hasemi neno. Angalieni magoti, angalieni jinsi kila hatua inavyoamuliwa upya kabla haijapigwa. Anainama, anakunywa, anageuka. Vipodozi vya sura ile vilikuwa kazi ya mabingwa, lakini vipodozi havitembei. Mwendo ule ni wake. Alipata tuzo mbili za Emmy kwa kazi hiyo moja.

Roots ya 1977, mfululizo wa televisheni juu ya utumwa, nitaigusa tu: alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte, kijana wa Kiafrika aliyetekwa na kuuzwa utumwani.

Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, alicheza mwaka 1983, kisha miaka 30 ikapita. Aliporudi mwaka 2013 alikuwa Carrie Watts katika The Trip to Bountiful ya Horton Foote, mhusika ambaye kwa miaka mingi alizoeleka kuchezwa na waigizaji wazungu. Kuna mahali bibi huyo anaimba tenzi ambayo wengi wenu mnaijua kama "Ndiyo dhamana". Watazamaji walianza kuimba naye, usiku baada ya usiku, bila kuombwa. Kwa kazi hiyo alipewa Tony, tuzo ya maonyesho ya Broadway, akiwa na umri wa miaka 88, na aliendelea kuigiza hadi alipopita 90. Kitabu cha maisha yake kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Siku mbili baadaye akafariki, akiwa na miaka 96.

Nipo tayari kwa maswali yenu.