Sauti Mbili za Vivian Stanshall

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii tumzungumze Vivian Stanshall, mwanamuziki na mchekeshaji wa Kiingereza. Nitaanza na sauti yake, maana hakuna chombo alichokipiga kikaishinda.

Alizaliwa Machi 1943, akakulia pwani ya Essex. Baba yake alitaka mwanawe aongee kama mabwana wakubwa. Huko nje, lafudhi hiyo mbele ya vijana wenzake ilikuwa balaa, naye akashika ya mtaani. Kila akifika mlangoni anabadili ulimi. Mtoto aliyelelewa hivyo hujua mapema kwamba lafudhi ni nguo: huvaliwa, huvuliwa.

Akiwa mwanafunzi wa sanaa London, miaka ya 1960, aliongoza Bonzo Dog Doo-Dah Band. Walikusanya sahani za santuri za zamani, nyimbo za miaka ya 1920 zilizokwisha kusahauliwa, wakazipiga upya kwa vichekesho. Mwaka 1968 wimbo wao mmoja, uliotungwa na Neil Innes, ulifika nafasi ya 5 Uingereza.

Lakini mimi hunisisimua zaidi mwaka 1973. Mike Oldfield, mwanamuziki kijana mdogo, anatoa albamu yake Tubular Bells, yaani kengele za mirija. Vyombo vinaingia kimoja baada ya kingine, na Stanshall anavitaja kama mshereheshaji anayewakaribisha wageni wa heshima. Ile sauti ya kibwana aliyolazimishwa nyumbani ndiyo hiyo! Sasa ni yake, anaitumia apendavyo.

Baadaye, kwenye kipindi cha redio cha John Peel, BBC, aliwaigiza Sir Henry na jamaa wa Rawlinson End, nyumba kubwa ya kikabaila iliyochakaa. Bwana, watumishi, wageni: wote ni yeye. Wako wanaomwita chizi tu. Siafiki hata kidogo. Kazi ile ilitaka sikio kali na uvumilivu wa fundi.

Pombe na hofu vilimwandama miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1985 yeye na mkewe, Ki Longfellow, walitoa opera ya kuchekesha ndani ya meli iliyotia nanga Bristol. Alifariki Machi 1995, moto ulipozuka katika nyumba yake London. Alikuwa na miaka 51.

Fundi mitambo, tuwekee ile ya 1973 tafadhali. Msipige makofi bado. Vyombo vyote vikishatajwa, msikilizeni anavyolitamka jina la mwisho, la kengele.